UZI MAALUMU: Namna ya kudumu na changamoto ya kusoma vitabu vya tanzu mbalimbali mpaka mwaka uishe

Mpenda Kurasa (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mwaka ukianza watu wengi hujiwekea lengo la kusoma. Wengine vitabu 12, wengine 24, wenye moto wao 52, yaani kila wiki kimoja. Siku hizi naona changamoto ya tanzu ndiyo inayopendwa zaidi: unajipangia kwamba ndani ya mwaka utapita kwenye riwaya, diwani ya mashairi, tamthilia, wasifu, historia, sayansi, insha, hadithi fupi, tafsiri na kadhalika. Ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo maana inaniuma kuona watu wanaianza kwa nguvu, kisha ikifika katikati ya mwaka orodha imelala.

Ukiwauliza, jibu ni lile lile: muda hautoshi. Kwa nilivyoona, muda unasingiziwa. Mtu amezoea riwaya, anajua akikaa mara moja anamaliza kurasa 40, basi anachukua kipimo hicho hicho na kukipeleka kwenye mashairi, kwenye falsafa, kwenye historia ya vita. Kikigoma anadhani yeye ndiye mvivu. Sio uvivu huo. Kila utanzu una mwendo wake, na ratiba isiyojua hilo haifiki mbali.

Chukua mfano wa vitabu viwili. *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka 1960, ni upelelezi. Mpelelezi wake, Bwana Msa, akishaanza kuuliza maswali, kitabu kinakubeba chenyewe. Halafu chukua *Nagona* cha Euphrase Kezilahabi, cha 1990. Hakifiki hata kurasa 100. Kwa kuhesabu kurasa utasema hiki ni cha jioni moja. Kifungue uone. Msimulizi anapita kama ndotoni, mahali panabadilika bila kukuaga, na ukifika sura inayofuata unatamani kurudia uliyotoka kuisoma. Mtu aliyekitengea jioni moja atafunga kitabu akiwa amekasirika, na kosa si la kitabu.

Kwa hiyo kwenye uzi huu nataka tuzungumzie namna ya kupanga kwa mwendo badala ya kwa idadi. Naandika kwa awamu, mwenye swali aulize.

---

Mpenda Kurasa

Naendelea.

Kabla sijaandika jina la kitabu kwenye orodha yangu ya mwaka, najiuliza kitasomwa vipi. Nina mafungu matatu.

Kuna vitabu vya mkupuo. Humu naweka upelelezi, ujasusi, mapenzi yenye visa vya kukimbizana, riwaya za kutisha. Ukisoma vitabu hivi kurasa tano tano unaviua, maana mwandishi amefunga fundo mapema akitegemea ulikumbuke atakapolifungua mbele. Vinataka nusu siku ya mapumziko, simu mbali.

Kuna vitabu vya kila siku: historia, wasifu, tawasifu, riwaya nzito za kijamii. Sura moja kwa siku, saa ile ile, basi. Ukijitutumua kusoma sura nne siku moja, majina na miaka vinaanza kugongana kichwani na kesho yake huna hamu.

Halafu vitabu vya kuonja. Mashairi, insha, hadithi fupi, falsafa. Hivi vinaweza kukaa wazi hata miezi mitatu na hakuna ubaya wowote. Unasoma shairi moja, unakaa nalo.

Sasa kazi ni kuwa na kimoja kimoja kutoka kila fungu kwa wakati mmoja. Watu wananiambia vitabu vitatu kwa mpigo vinachanganya. Vinachanganya vikiwa vya utanzu mmoja. Riwaya mbili za familia zinazofanana zitakuvuruga kweli, utampa huyu mke wa yule. Lakini diwani, wasifu na kitabu cha upelelezi haviwezi kuingiliana. Na faida yake ni kubwa: siku umechoka hufungui historia, unafungua hadithi fupi moja ya kurasa sita. Siku hiyo haijapotea.

---

Jicho la Usiku

Mkuu, naweka kambi hapa. Uzi wa maana sana.

Mimi ni mtu wa upelelezi na ujasusi, hapo sina tatizo, kitabu nakimaliza usiku mmoja. Changamoto yangu ina kipengele cha ushairi na ndicho kinachonikwamisha. Nasoma ukurasa mzima, nikifika chini sijui nimesoma nini. Nimefikiria kukiruka.

---

Mpenda Kurasa

Jicho la Usiku, usikiruke ndugu yangu. Nakuelewa, na dawa ipo.

Wewe macho yako yamezoea kukimbia kutafuta tukio. Kwenye ushairi hakuna cha kukimbilia, kwa hiyo yapunguze kasi kwa kutumia mdomo. Soma kwa sauti. Mashairi yetu mengi yalitungwa yaimbwe au yaghaniwe, ndiyo maana yakisomwa kimyakimya yanapwaya.

Anza na utenzi, kwa sababu unasimulia au unausia, nawe unapenda kufuata mtiririko. Mfano ni *Utendi wa Mwana Kupona*, wa 1858. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani nane, yaani silabi nane. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, yaani vinaishia kwa sauti ile ile, na cha nne kinabeba kina kinachorudi mwisho wa kila ubeti mpaka utenzi unakwisha. Sasa fanya hivi. Pita mara ya kwanza kwa sauti ukisikiliza mizani tu, hata ukigonga kidole mezani. Maana usiitafute bado. Utashangaa kwamba ubeti wa nne au wa tano sikio limeshajua kina kinakuja wapi, na unaanza kukisubiri. Mara ya pili ndipo unauliza: hapa anasema nini? Maneno ya kale yatakuwepo, yapigie mstari uyaache. Mara ya tatu ndiyo ya kamusi.

Beti 8 au 10 kwa siku zinatosha kabisa. Na kumbuka mtunzi alikuwa anamwambia binti yake. Ukisoma ukiwa na msikilizaji huyo mmoja akilini, mambo mengi yanakaa sawa, hata yale ambayo leo hatukubaliani nayo.

Ukitoka hapo, nenda kwenye mashairi huru uone tofauti. *Kichomi* cha Kezilahabi kilitoka 1974, na kilizua mabishano makali juu ya kama shairi lisilo na vina na mizani ni shairi. Ukiwa umeshagonga kidole kwenye utenzi, utaelewa kwa masikio yako kile watu walichokuwa wanagombania.

---

Jicho la Usiku

Aisee, nimejaribu muda huu huu beti tano za utenzi nilionao kwa sauti ya chini. Ni kweli kina unakisubiri. Nimekipata mkuu, sikiruki tena.

---

Mkutubi Mstaafu

Wanangu, nimefurahi kukuta mazungumzo haya. Niongeze neno, maana nimeishi kati ya rafu maisha yangu yote ya kazi.

Wengi mnaposema tanzu mbalimbali mnataja riwaya, ushairi, tamthilia, hadithi fupi. Hizo zote ziko kwenye rafu moja. Mfumo wa Melvil Dewey, uliochapishwa kwanza 1876 na unaotumika kwenye maktaba nyingi mpaka leo, unagawa vitabu mafungu kumi. 000 ni kazi za jumla, 100 falsafa na saikolojia, 200 dini, 300 sayansi ya jamii, 400 lugha, 500 sayansi asilia, 600 teknolojia pamoja na tiba na kilimo, 700 sanaa na michezo, 800 fasihi, 900 historia na jiografia. Sasa mtu anayesoma riwaya, mashairi na tamthilia mwaka mzima hajatoka 800. Amesoma vizuri, lakini chumba ni kimoja.

Ushauri wangu kwa anayeanza: chagua kitabu kimoja kutoka kila fungu, vitabu kumi. Mwaka una miezi 12, kwa hiyo miezi miwili inabaki ya kupumua au ya kumalizia kilichokuwa kigumu. Na usichague ukiwa nyumbani kwa jina ulilosikia. Nenda kwenye rafu yenyewe, vuta vitabu vitatu, soma ukurasa wa kwanza na mmoja wa katikati wa kila kimoja. Kile kilichokufanya usahau kuwa umesimama ndicho cha kwenda nacho.

---

Mpenda Kurasa

Shikamoo mzee wetu. Asante sana kwa hili. Kipengele cha 500 na 600 ndicho watu wanachokiogopa zaidi, na kwa kweli ndicho kinachofungua macho. Kuna vitabu vya nyota, vya wadudu, vya mwili wa binadamu vilivyoandikwa kwa msomaji wa kawaida, havina hesabu za kutisha. Ukisoma kimoja katikati ya riwaya mbili, hata riwaya ya pili unaisoma kwa macho mengine.

---

Mkutubi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umenena.

---

Nakshi

Samahani nitofautiane kidogo. Kusoma ni starehe. Mimi napenda riwaya za mapenzi na za familia, nasoma nyingi kwa mwaka. Kwa nini nijibebeshe tamthilia na vitabu vya wadudu ili tu kujaza vyumba vya orodha? Nikisoma kwa kulazimishwa ilikuwa shule, sasa ni mtu mzima.

---

Mpenda Kurasa

Nakshi, dada yangu, una haki kabisa, na hakuna anayekulazimisha. Aliyetosheka na utanzu wake asome kwa raha zake. Changamoto hii ni ya yule anayehisi ameanza kuzoea: akifungua riwaya mpya anajua tayari nani ataoa nani. Ukishaifikia hali hiyo, utanzu mwingine unakurudishia hata utamu wa ule wa kwanza. Baada ya tamthilia nzuri, mazungumzo ya wahusika kwenye riwaya unayasikia, huyapiti tu.

Ila kuna jambo umeligusa ambalo nataka nilisemee wazi. Kitabu kisipokufaa, kiache. Mkutubi mmoja maarufu wa Marekani, Nancy Pearl, ana kanuni yake: kipe kitabu kurasa 50, kisipokushika kiweke chini. Na ukiwa umevuka miaka 50, toa umri wako kwenye 100, kinachobaki ndizo kurasa unazodaiwa. Mwenye miaka 70 anasoma 30 tu kisha ana ruhusa ya kuondoka. Naipenda kwa sababu inaheshimu muda wa mtu.

Kwenye changamoto ya tanzu mimi naongeza sharti moja: unaacha kitabu, huachi utanzu. Tamthilia hii imekushinda, tafuta nyingine yenye wahusika wachache au ya kuchekesha. Mara nyingi mtu husema hapendi tamthilia kumbe amesoma moja tu, tena kwa ajili ya mtihani, huku akikariri maudhui na dhamira.

Na tamthilia ina namna yake ya kusomwa. Ukiisoma kama riwaya utalalamika haina maelezo. Andika majina ya wahusika kwenye kipande cha karatasi, kitumie hicho hicho kama alama ya ukurasa. Kila onyesho linapoanza, jiulize nani yuko jukwaani na hasemi. Swali hilo linabadilisha kila kitu. Mtu anatukanwa mbele ya mke wake, mke hana hata neno moja kwenye ukurasa mzima, lakini yupo, anasikia. Msomaji wa kukimbia anamsahau. Aliyeandika jina lake kwenye karatasi anamwona.

---

Nakshi

Hapo kwenye mhusika aliyenyamaza umenigusa. Kuna mchezo tulisoma shule na sasa ndiyo naona mama mle ndani alikuwa anafanya nini. Sijakubali wadudu bado, lakini tamthilia moja nitajaribu.

---

Msikilizaji Mwema

Wakuu, maswali mawili ya haraka. Je, kitabu cha kusikiliza kinahesabika? Na kusoma kwenye simu je? Kuna jamaa ananiambia mimi sijasoma, nimesikiliza redio.

---

Mpenda Kurasa

Kinahesabika. Mwaka 2016 Beth Rogowsky na wenzake walichapisha utafiti ambapo kundi moja lilisikiliza sehemu za kitabu cha maisha ya kweli, jingine likasoma kwenye skrini, jingine likafanya yote mawili kwa pamoja. Walipopimwa uelewa, papo hapo na baada ya wiki mbili, haikuonekana tofauti ya maana kati ya makundi. Kwa hiyo mwambie jamaa apunguze ukali.

Ila hapa pia utanzu una neno lake. Riwaya, wasifu na tawasifu vinasikilizika vizuri mno, hasa tawasifu iliyosomwa na mwenyewe. Ushairi ndio usiseme. Kitabu chenye michoro, tarehe nyingi au hoja za kufuatana kinasumbua, maana huwezi kurudisha jicho juu ya sentensi iliyopita.

Kuhusu simu, kuna uchambuzi mkubwa wa Pablo Delgado na wenzake wa 2018 uliokusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000. Karatasi ilionekana kuwa na faida kwenye matini za maarifa, na zaidi msomaji akiwa anabanwa na muda. Kwenye matini za kusimulia pekee, tofauti hiyo haikuonekana. Ndiyo maana mimi riwaya nasoma kwenye simu bila wasiwasi wowote, na historia au sayansi natafuta nakala ya karatasi nikiweza. Usipoipata, soma kwenye skrini lakini zima arifa na usiwe na haraka.

---

Mama wa Wawili

Habari za humu. Mimi nimebaki nyuma vibaya. Lengo lilikuwa vitabu 24, mwaka umepita nusu na nimemaliza vinne. Nina watoto wadogo, muda wangu ni vipande vipande. Programu ya simu kila nikiifungua inaniambia niko nyuma ya ratiba, mpaka nimeacha kuifungua. Nifute tu nianze upya mwakani?

---

Mpenda Kurasa

Mama wa Wawili, pole na hongera. Vinne ukiwa na watoto wadogo ni vingi. Usifute chochote.

Kwanza hesabu. Vitabu 12 vya wastani wa kurasa 250 ni kurasa 3,000 kwa mwaka. Gawa kwa siku 365, ni kama kurasa 8 kwa siku. Kurasa 8 ni dakika kumi na tano hivi kwa msomaji wa kawaida, na unaweza kuzigawa mara mbili. Badilisha lengo liwe 12, kwa hiyo umebakiza vinane, na kwa nusu mwaka iliyobaki hivyo ni kama kurasa 11 kwa siku, dakika ishirini hivi. Kubadilisha namba katikati ya mwaka hakuna aibu. Changamoto ni yako, hakuna mwamuzi. Kama kuhesabu vitabu kunakuumiza, programu kama StoryGraph inakubali uweke lengo la kurasa au la saa badala yake, na hapo kila dakika yako inaonekana.

Pili, siku ulizokosa. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wanajenga mazoea mapya, utafiti ukachapishwa 2010. Wastani wa kuzoea ulikuwa siku 66, lakini wengine ilikuwa 18 tu na makadirio ya juu yalifika 254. Na jambo la kukutuliza ni hili: kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa mazoea. Kinachoharibu ni kujiadhibu, yaani mtu amekosa Jumanne anajidai Jumatano asome mara mbili, anashindwa, Alhamisi anakata tamaa. Ukikosa, rudi kwenye kurasa zako 11 kama kwamba hakuna kilichotokea.

Tatu, muda wa vipande una tanzu zake. Kwako kwa sasa vitabu vya kuonja viwe vingi: hadithi fupi, insha, mashairi, barua. Riwaya ya kurasa 500 isubiri watoto wakue kidogo. Na fasihi ya watoto ni utanzu kamili. Kitabu unachowasomea kabla ya kulala kihesabu, lakini kisome kama msomaji: angalia mwandishi amewezaje kumaliza kisa kizima kwa maneno machache hivyo, kwa nini wanadai kirudiwe, ni sentensi ipi wanayoisema pamoja nawe.

---

Mama wa Wawili

Nimesoma hii mara mbili na machozi yamenilengalenga, sikutania. Asante sana. Nimeshabadilisha lengo kuwa 12. Na wanangu wana kitabu cha sungura ambacho nimeshakisoma mpaka nakijua kwa kichwa, leo usiku nitakiangalia kwa jicho hilo.

---

Kijana wa Chuo

Mkuu mimi tatizo langu ni jingine. Nasoma sana, tanzu zote, namaliza. Baada ya miezi miwili ukiniuliza kitabu kilihusu nini nakumbuka rangi ya jalada. Unafanyaje?

---

Mpenda Kurasa

Hili swali nilikuwa nalisubiri, maana kwangu ndipo changamoto ya tanzu inapokuwa tamu.

Nina daftari. Kila kitabu kina ukurasa mmoja, hakizidi. Juu naandika jina, mwandishi, mwaka kilipotoka, na utanzu. Chini yake mistari mitatu tu. Wa kwanza: kitabu kinauliza nini? Sio kinahusu nini, kinauliza nini. Wa pili: namba ya ukurasa mmoja ulionishika, na kwa nini. Wa tatu: kimenifanya nitake kujua nini kingine? Naandika siku hiyo hiyo ninapomaliza, kabla sijafungua kingine, kwa sababu kesho yake nusu imeshakwenda.

Nikuonyeshe ukurasa mmoja. Nafasi ya wasifu niliijaza na *Wasifu wa Siti binti Saad* cha Shaaban Robert, kilichochapishwa 1958, kuhusu yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Mstari wangu wa tatu unasema: "Alikwenda Bombay 1928 kurekodi santuri. Sauti iliingiaje kwenye santuri?" Hapo hapo nafasi yangu ya teknolojia ikawa imejipatia kitabu, kwa sababu nilitafuta kinachoeleza historia ya kurekodi sauti, toka silinda za Edison za 1877 mpaka sahani bapa zilizofuata. Kitabu ambacho nisingekigusa hata kwa kusukumwa nilikisoma kwa hamu, kwa kuwa kilikuwa kinajibu swali langu mwenyewe. Na kile cha teknolojia kikanirudisha kwenye ushairi, maana nilitaka kuyajua maneno ya nyimbo zilizokuwa zinarekodiwa zama zile.

Unaona? Orodha iliyopangwa Januari kwa kubahatisha majina inachosha. Vitabu vikiitana, huhitaji kujikumbusha kusoma. Mimi mwanzoni mwa mwaka naandika tanzu zote, lakini majina ya vitabu naandika manne au matano tu. Nafasi nyingine naziacha wazi, mstari wa tatu utazijaza.

---

Kijana wa Chuo

Dah. Nimeelewa. Kwa hiyo hata historia na tamthilia unaweza kuziunganisha?

---

Mpenda Kurasa

Hizo ndizo zinaunganika kuliko zote. Soma *Kinjeketile* cha Ebrahim Hussein, cha 1969, kisha tafuta kitabu cha historia ya Vita vya Maji Maji vya 1905 mpaka 1907. Anza na tamthilia. Utamjua kiongozi aliyebeba swali zito: watu wameungana kwa sababu ya imani ya maji, je, imani ikianguka umoja utabaki? Halafu ukiingia kwenye historia, utaona ni kipi kilichotokea, nani alipigana wapi, njaa ilivyofuata na watu wengi walivyokufa. Hapo utatambua mwandishi wa tamthilia amechukua nini na amejenga nini mwenyewe. Ukianza na historia, utaisoma tamthilia ukiikagua kama mkaguzi wa hesabu, na raha itapungua.

---

Msikilizaji Mwema

Swali dogo la kanuni. Kitabu kimoja kinaweza kujaza nafasi mbili? Mfano *Mabepari wa Venisi*, ni tamthilia na ni tafsiri.

---

Mpenda Kurasa

Kwangu hapana. Kitabu kimoja nafasi moja, lakini unaruhusiwa kuchagua ipi, hata mwisho wa mwaka. *Mabepari wa Venisi* ya Mwalimu Nyerere ya 1969 mimi ningeiweka kwenye tafsiri, kwa sababu kazi ya kufurahia pale ni kusikia tamthilia ya Shakespeare ikizungumza Kiswahili. Mwenye kutaka tafsiri ya riwaya aangalie *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994. Gurnah alipata Nobel ya Fasihi 2021.

---

Jicho la Usiku

Mkuu, la mwisho kutoka kwangu. Mwezi wa kumi na moja ukifika na nafasi tatu bado tupu, si bora nitafute vitabu vyembamba vitatu nifikishe idadi?

---

Mpenda Kurasa

Wembamba wenyewe hauna kosa. Tamthilia nyingi ni nyembamba, diwani nyingi ni nyembamba. Lakini nimeshataja *Nagona* hapo juu, kwa hiyo usiamini unene wa kitabu ukiwa na haraka. Tazama nafasi zilizobaki ni za tanzu gani, kisha angalia mwendo. Kama zimebaki historia, ushairi na upelelezi, fungua historia na ushairi siku hiyo hiyo vitembee pamoja, kimoja asubuhi kimoja usiku. Upelelezi uache kabisa mpaka wiki ya mwisho ya Desemba, utaumaliza kwa mkupuo. Watu hufanya kinyume: wanakimbilia upelelezi kwanza kwa kuwa ni rahisi, halafu wanabaki na historia ya kurasa 400 na siku tisa.

Na kama zote tatu zilizobaki ni nzito, chagua moja unayoitaka kweli, isome kwa mwendo wake, mbili zipeleke Januari. Zitakuwa za kwanza kwenye orodha mpya.

---

Jicho la Usiku

Zilizobaki kwangu ni ushairi, sayansi na tawasifu. Nianze na ipi leo?

---

Mpenda Kurasa

Tawasifu, sura moja kila usiku. Ushairi uendelee nao ule utenzi, beti 8 asubuhi kwa sauti. Sayansi usichague kitabu bado. Maliza tawasifu, uandike mistari mitatu, halafu njoo hapa uniambie wa tatu unasema nini, tutakitafuta pamoja.